Sauti ya Éphraïm na Flash ya Chorale

Siku ya kwanza ya juma, 6/5/2024

Leo nimefungia virusi yote ya dunia inje ya nyumba yangu. Miye peke yangu, na kidole kimoja. Mashini iko safi sawa sahani ya padiri. Hapana mutu alinisaidia.

Bon. Uongo. Bénie ndiye alifanya. Alitoka Beni asubui na gari, akafika na mavumbi mu nywele, akakaa mbele ya ordinatere saa tatu nzima bila kukula. Miye kazi yangu ilikuwa kushika kamba ya batri tu, juu inaachiaga. Nikasinzia. Kamba ikaachia. Mashini ikazimika katikati ya kazi. Akaniangalia. «Baba mudogo, hata kamba?»

Bénie ni binti ya kaka yangu Éphraïm, marehemu. Ana bureautique kule Beni, pale batu banaenda kuandikisha barua na kutosha photocopie. Virusi anaijua sawa muuzaji wa soko anavyojua nyanya yenye kuoza: haiguzi, anaangalia tu.

Juu ya nini hii nguvu yote? Niandike, juu kichwa yangu inaanza kuvuja. Mu ile mashini muko sauti ya Éphraïm. Mwaka wa 2021 alizunguka shamba yetu ya cacao kule Mbau, telefone mu mukono, anahesabu hatua, anataja kila alama ya mupaka. Dakika kumi na ine. Kisha vita ikatufukuza Mbau. Telefone ikaibiwa. Éphraïm akakufa. Sauti ikabakia mu mashini yake, na mashini ikakuja kwangu juu ni miye ndugu nilibakia.

Sasa jirani yetu wa shamba, Kasika, anasema shamba yake inafika ku mutoni. Hapana. Inaishia ku mukuyu. Toka ku mukuyu mpaka ku mutoni ni nusu ya cacao yetu. Chef wa localité — naye alikimbia vita, yeye Beni, miye hapa Butembo — ametuita kule Beni tarehe 25, jumamosi, siku ya posho. Bénie alimuuliza kama kinywa yangu haitoshi. Chef akacheka. «Kakule? Ule mwenye alisemaga ku kilio ya shemeji yake kama maiti imefungua jicho? Hapana. Leta Éphraïm.»

Ile ya jicho ilikuwa muchezo. Imepita miaka kumi na mbili. Batu ya huku habasahau kitu.

Bénie ameniachia sheria tatu. Ya kwanza: flash ya mutu mwengine hapana kuingia mu mashini. Ya pili: kila juma niweke mega za internet, antivirus ipate mise à jour yake. Ya tatu: nitoshe copie ya sauti mu flash mupya, nyekundu, yenye aliniletea, kisha niifiche mbali. Alitaka kuitosha yeye mwenyewe, lakini batri ilikuwa imeisha juu ya kamba yangu, na gari ya Beni ilikuwa inapiga honi ku barabara. Nikamwambia: «Nenda, mama. Jua ikirudi ku panneau, nitafanya.»

Jua imerudi. Nilikula kwanza. Kisha nikalala.

Siku ya tatu, 8/5

Bénie kwa telefone, asubui. Ameuliza mot de passe niliweka gani. Nikasema: kakule. Akanyamaza. Nikazani mega imeisha.

«Baba mudogo, mu Butembo muko ba Kakule ngapi?»

Kweli, kila mama mwenye alizaa batoto bane baume ana Kakule mu nyumba. Ukiita hilo jina mu soko, nusu ya soko inageuka, na mbuzi moja. Akanielezea kama kuko virusi yenye batu banaita ver, munyoo. Ile haingoje flash. Inatembea yenyewe mu internet, inapima mulango ya nyumba kwa nyumba, inajaribu majina ya kawaida kwanza.

Nikauliza: huyo munyoo ni Munande sawa siye? Kama anajua Kakule, anajua na Paluku, jina ya mutoto wa kwanza.

Akasema niache muchezo. Nikasema mu dispensaire banatoaga dawa ya minyoo, kidonge moja tu ya kutafuna, niipe mashini? Akakata.

Nimebadilisha. Mot de passe mupya iko na herufi mingi, na namba, na alama ya kuuliza, juu miye mwenyewe najiuliza. Juu nisiisahau, nimeiandika na chaki ku ukuta juu ya mashini. Emérence, bibi yangu, mama ya mutoto wetu Luc, ameingia na bakuli ya maharagi, akaisoma kwa sauti mbele ya mugeni wake mumoja. Kisha: «Baba Luc, umefunga mulango, na ufunguo umeitundika ku mulango.»

Hakuna mutu mu hii nyumba mwenye kuniheshimu.

Mega: niliweka tano mia. Antivirus ilipaswa kukula. Lakini kulikuwa catch, mieleka, kwa telefone, ule mwanaume mukubwa wa kuvaa ngozi ya chui. Antivirus ilikosa chakula. Kesho.

Copie: kesho.

Siku ya tano, 10/5

Leo Mathe.

Mathe ni jirani, nyumba ya tatu kushuka. Ni maestro wa chorale yetu. Emérence anaimba alto. Miye naimba sauti ya basi, ile nzito, ni kusema nafungua kinywa wakati bengine banaimba. Pentekoste ni tarehe 19, na Mathe anazunguka nyumba kwa nyumba na flash moja tu ya chorale, kila mutu anamimina nyimbo mu telefone ao mu mashini. Ile flash imeingia mu nyumba mingi kupita padiri.

Alisimama ku mulango, flash ku shingo na kamba ya kiatu. Pale ku mulango wetu kungali ndoo ya kunawa mikono, yenye robinet, toka wakati ya ebola. Emérence alifanya kazi mu riposte, ile ya kupigana na ebola, mwaka ya 2019, alikuwa ananyunyiza chlore mu manyumba, na hajakubali kuitosha ile ndoo mpaka leo. Nikamwambia Mathe: simama hapo. Flash yako inawe mikono. Nikaiwekea kidole ku kipaji sawa bale ba thermomètre. Nikasema: «Makumi tatu na nane. Ni contact, iliguza mugonjwa. Siku makumi mbili na moja, inje.»

Emérence akacheka mpaka akashika ukuta. Mathe hakucheka. Mathe anachekaga ku Noeli tu.

Akasema: «Muzee Kakule, unanikataza?»

Hapo ndipo. Mutu akiulizwa vile anafanya nini? Wakati ya mama yangu, jirani alikuwa anakuja asubui na kipande ya nyungu iliyovunjika, anaomba kaa la moto. Hakuna mutu alikuwa anamukataza kaa. Hata kama mulikosana. Hata kama mbuzi yake ilikula maharagi yako. Mwenye kukataza kaa, nyumba yake ilikuwa inapitwa bila salamu. Mama aliniambiaga vile na kijiko ku kichwa, donc sikusahau.

Sasa Mathe na flash yake, ni nini? Ni nyungu tu. Alikuja kuomba, ao kuleta, ni moja. Nikasema pita, maestro.

Nikaingiza flash yake. Sheria ya kwanza imekufa.

Nyimbo zimeingia kumi na moja. Kisha, juu nilikuwa na haya kidogo, nikasema leo nitafanya na sheria ya tatu. Nikaingiza na ile nyekundu, ku tundu ya pili. Nikamusikilizisha Mathe sauti. Éphraïm anapumua, majani inapasuka chini ya miguu, anasema: «Toka ku jiwe nyeupe, hatua makumi ine na mbili, ku mukuyu. Geuka.» Mathe akatosha kofia. Alikuwa anamupenda Éphraïm. Ni Éphraïm alimufundishaga kusoma nota.

Nikatuma copie. Kidole kimoja, lakini imeenda. Mustari wa kijani ukajaa mpaka mwisho. Nikamurudishia Mathe flash yake. Nyekundu nikaiweka mu kikopo ya chumvi.

Siku ya posho, 11/5

Kila kitu sawa. Copie iko mu chumvi. Nimepigia Bénie, nimemwambia. Amesema «wasingya, baba mudogo», ni kusema asante, na sauti ya mutu mwenye kutua muzigo. Sikusema habari ya Mathe. Hakuuliza.

Siku ya pili, 14/5

Mashini inagonjwa.

Nimefungua leo, kila dossier imekuwa na kamushale kadogo pembeni. Picha ya ndoa ya Luc: kamushale. Nyimbo: kamushale. Sauti ya Éphraïm: kamushale, na ukiguza, mashini inafikiri, inafikiri, kisha inasema haijui kitu kama hiyo. Nimeguza mara makumi mbili. Nimeguza na kidole ya mukono wa kushoto, labda.

Nikapigia Bénie. Sauti yake ikawa fupi. Flash gani iliingia? Nikasema hakuna. Kisha nikasema moja. Kisha nikasema ya chorale.

Hakupiga kelele. Alisema ile virusi anaijua, inapita mu flash, ku bureautique anaiona kila siku. Inaficha dossier nyuma, inaweka uongo mbele. Mara mingi vitu haipotei, inafichwa tu, na yeye anaweza kuifichua. «Donc, baba mudogo, usiguze kitu. Zima. Flash yote yenye iliguza ile mashini ni contact. Iweke pembeni, mutu asiiguze mpaka nikuje. Tuko na ile nyekundu, hata ikiwa na virusi nitatosha sauti ndani.»

Nikazima. Nikatosha nyekundu mu chumvi. Emérence akauliza Bénie amesema nini. Nikamupatia flash mu mukono, nikamwambia: «Contact. Weye ndiye fundi wa chlore, mama Luc, shugulika nayo.»

Ilikuwa muchezo. Naandika hapa na nguvu: ilikuwa muchezo.

Siku ya tatu, 15/5

Ameiloweka.

Asubui nimeikuta mu kikombe, chini ya maji, inalala sawa samaki. Maji ya chlore, dose ya wagonjwa, anasema, hapana ile ya mikono. Usiku nzima. Kisha ameipangusa na ameiweka ku jua juu ya jani ya ndizi.

Nikasema: mama Luc, umeua Éphraïm mara ya pili. Akasema: «Wakati ya riposte batu balikuwa banacheka sawa weye. Banasema chlore ni muchezo. Nimezika batu makumi ine na tatu bale balikuwa banacheka. Ukiniambia contact, miye sichekage.»

Akarudi mu jikoni.

Nimekaa. Kwa kweli siku ile ya ndoo ni miye nilianza.

Siku ya ine, 16/5

Nimefanya kitu ya kijinga. Naandika pole pole.

Bénie alisema nisiguze. Sikuguza. Nilipakia mashini ku moto, piki-piki ya kukodi, mu mufuko ya unga, na nikaenda Rughenda, karibu na kiwanja ya ndege. Kuko fundi anaitwa Eliezer, anatengeneza telefone na kila kitu yenye waya. Nilitaka kumaliza kazi mbele ya Bénie kufika. Nilitaka akuje akute muzee amekaa, miguu juu ya kiti, sauti inaimba.

Eliezer ni mupole. Ana miwani imefungwa na sindano. Akaangalia bamishale, akasema virusi, akasema tuta-formater, itakuwa mupya, saa moja tu. Nikauliza kama vitu itabakia. Akasema: «Ya maana itabakia.» Mutu akiniambia vile na miwani, naamini. Nikaenda inje kukunywa kasiksi, pombe ya ndizi, kidogo na kuangalia ndege.

Ndege haikukuja. Telefone ikalia. Bénie: uko wapi, naskia ba moto? Nikasema niko kwa fundi, mutu muzuri, ana-formater.

Sijasikia mutoto akipiga kelele vile toka alizaliwa. «Mukataze! Baba mudogo, kimbia!»

Nikakimbia. Niko na miaka makumi saba na mbili. Nikaingia, Eliezer akageuza mashini kwangu, anachekelea. Safi. Rangi ya buluu kila fasi, hakuna hata kamushale moja. Hakuna hata kitu moja. Nikamuuliza na vitu ya maana? Akanionyesha: horloge iko, calculatrice iko.

Formater ni kusema kufagia nyumba mpaka na ukuta. Kwa nini hakuna mutu anasemaga ile mbele? Bafundi, bote. Na ba antivirus, na ba mega, na ba mot de passe. Banakupatia mashini, banakuambia karibu, kisha banakuambia kama duniani mote kuko bezi banapima mulango yako, na kosa ni yako juu jina yako ni Kakule.

Siku ya Mungu, 19/5. Pentekoste

Leo nimeongeza kosa juu ya kosa. Nyimbo zilikuwa nzuri, tena hiyo ndiyo ilinikasirisha. Mathe alikuwa mbele, mikono juu, ana furaha, na miye naangalia ile kamba ya kiatu ku shingo.

Kisha ya misa, inje, batu bote banamusalimia. Nikasema kwa sauti ya basi, safari hii kweli: «Maestro, unatuletea Roho Mutakatifu na mukono moja, na mukono ingine virusi. Chorale muzima, angalieni mu mashini yenu, ile flash imefagia nyumba yangu.»

Bote balianza kushika telefone. Moja amesema hata yake ilikuwa inaenda pole pole. Mwengine amesema kweli, kuko bamishale. Mathe alisimama tu. Alishika flash yake sawa mutu anashika musalaba, akashuka kwake.

Emérence hajanisemesha toka saa tano. Chakula aliweka. Bundu, ugali yangu ya muhogo, imepoa.

Siku ya pili, 21/5

Bénie amefika. Sikutaka afike.

Ameangalia mashini dakika chache tu. Akafunga. Alikuwa na programme ya kutafuta vitu yenye ilifutwa, akaiacha itembee wakati tunakula. Imerudisha picha nusu na nyimbo ya zamani. Sauti hapana. Hakunikemea. Ningependa anikemee. Alisema tu, anaangalia sahani: «Nilikuwa naiwekaga mara moja moja ile sauti, ku Noeli. Hapana juu ya shamba.»

Sikuwa najua hiyo.

Kisha akaomba ile nyekundu. Nikamwambia imekufa mu chlore. Akasema leta. Akaikwangua ku meno na kisu, akaipangusa, akaingiza. Mashini ikafanya ting. Iko nzima! Emérence alinyosha shingo yake sawa muke mwenye haki.

Bénie akafungua. Akaangalia murefu. «Baba mudogo. Hii flash, toka duka, haijaandikwa kitu hata siku moja.»

Nikasema haiwezekani, niliona mustari wa kijani.

«Siku ile, flash ilikuwa ngapi ku mashini?»

Mbili. Yangu na ya Mathe. Na ku mashini zote mbili zilikuwa na jina moja, disque amovible, disque amovible, sawa ba Kakule mu soko.

Akaweka mikono ku uso. Nikazani analia. Alikuwa anacheka, ao yote mbili. Sauti ya baba yake niliitupa mu flash ya chorale, na Mathe aliipeleka nyumba kwa nyumba na virusi pamoja, wiki muzima, nikiwa nalala na flash bure mu chumvi.

Siku ya tatu, 22/5

Tumetafuta. Emérence amezunguka chorale yote, toka nyumba ya soprano wa kwanza. Kila fasi jibu moja: ndiyo, kulikuwa muzee mumoja anasema habari ya jiwe na mukuyu, kati ya wimbo wa tatu na wa ine. Balikuwa banazani ni mafundisho. Batoto ya mutu mumoja balikuwa banaiweka wakati ya kulala. Mais kisha ya Pentekoste, juu ya mafundisho yangu miye pale inje, bote balifuta. Balifagia telefone, mashini, radio. Jokébed wa alto ametupa telefone yake mu choo, alisikia kama virusi inapita mu kamba.

Balinisikiliza. Miaka makumi saba na mbili hakuna mutu ananisikiliza, na siku moja tu, bote pamoja.

Imebakia moja. Mathe hakufuta. Bibi yake Mariette alimwambia Emérence ku kisima: alikasirika, akasema flash ya chorale ni safi sawa Maria, hatafuta hata nota moja, na hataipatia mutu. Surtout, zaidi ya bote, mutu mumoja.

Bénie alienda kumuomba, magaribi. Mathe alimupokea vizuri, alimupatia chai. Kisha alisema: mutoto wa Éphraïm, weye sina neno na weye. Mais ule mwenye alinipaka matope mbele ya chorale, ndiye akuje. Na miguu yake.

Bénie amerudi Beni kungojea kule, juu bureautique haiwezi kufunga siku tatu. Ameacha mufuko wa plastiki wa kuvika flash, isipate maji. Ku mulango ameniambia: «Baba mudogo, usimuchekeshe. Nakuomba. Muombe tu.»

Siku ya ine, 23/5

Nilienda mpaka ku kona. Nikarudi. Mvua.

Hapana, mvua haikukuwa.

Siku ya tano, 24/5

Niko ku benchi ya Mathe. Naandika juu ya goti. Saa sita na nusu. Gari ya mwisho ya Beni inatoka saa nane, kisha barabara hapana, juu ya usalama. Kesho saa tatu ya asubui chef anakaa, na Kasika tayari ameshafika, Bénie amesema, ameleta bashahidi bawili na kikapu ya kuku.

Nimefika hapa saa ine. Ku mulango, ndoo. Mupya, na robinet. Mathe alisimama ndani ya dirisha na kofia yake, akaniambia ninawe mikono. Nikanawa. Akasema tena. Nikanawa tena. Akaniwekea kidole ku kipaji. «Makumi tatu na nane, muzee. Weye ni contact. Siku makumi mbili na moja, inje.» Na akafunga dirisha.

Ilikuwa nzuri. Nakubali. Ningekuwa miye ndani, ningefanya vile vile. Kinywa yangu ilikuwa na majibu tatu tayari, na moja ilikuwa ya kumuua kabisa, juu ya namna anashikaga mikono wakati ya Sanctus. Nikaimeza. Inauma mu kifua sawa muhogo mukavu.

Miye inje, yeye ndani, dirisha katikati yetu. Namusikia anasogeza kiti. Hayuko mbali.

Mariette anachambua maharagi pembeni yangu, ku mukeka. Haongee na miye, ni bibi ya mume wake. Mais mukono yake inaenda na anaimba pole pole, bila kujua kama anaimba. Nimenyosha sikio. Haiko wimbo wa Pentekoste. Anasema: makumi ine na mbili, ku mukuyu, geuka. Makumi saba na tisa, ku kisiki, geuka. Na anapumua fasi Éphraïm alipumua.

Nimeacha kuandika kidogo. Naendelea.

Nitapasua karatasi hii ya chini na nitaipitisha chini ya mulango. Naandika hapa kwanza nione kama haina muchezo ndani.

Maestro Mathe. Siku ile ulisimama ku mulango wangu na flash ku shingo, na miye nilikuwa na sheria tatu mu kichwa, na sikukukataza. Ulipita. Kwa ile siku moja unaniwia kaa moja la moto, dogo. Siombi unisamehe, ile ya kanisa nitaisema inje ya kanisa, kwa sauti, siku ya Mungu, weye utachagua maneno. Naomba tu unipitishie ile flash ku dirisha, niibebe mpaka Beni na niirudishe. Sitaiguza na kitu. Nimenawa mikono mara mbili.